Masomo ya jioni tauni: walimu nyota tano, ofisi nyota moja

Nimesoma biashara jioni kwenye kampasi ya chuo fulani cha binafsi hapa Nairobi, na vile watu hunitumia meseji kila intake wakiuliza wajiunge ama wasijiunge, acha niseme mara moja. Jina la chuo siweki, bado nadai cheti.

Karibu walimu wote wa jioni ni wa pati-taimu. Mchana mtu yuko kwa kazi yake ama chuo kingine, saa kumi na moja unusu ndo huyo anapanda ngazi akihema. Kufundisha wanajua, hapo sina neno. Wa kodi alikuwa anajaza ritani za wateja kila siku, so tulifunguliwa iTax, ile mtandao ya KRA ya kodi, pale pale kwa laptopu yake tukaona mtu anapigwa faini kwa kosa gani, hadi wale wa kulala nyuma waliamka.

Lakini ofisi hana. Ukiwa na swali unamngoja kwa pakingi, anafungua buti ya Vitz, CAT zetu, ile mitihani midogo ya katikati ya semesta, ziko kwa mfuko wa supamaketi kando ya spea taya na gambuti, anatafuta yako na tochi ya simu.

Sasa pesa. Pati-taima halipwi kwa mwezi, ni kwa yuniti, masaa 45, anajaza kleimu semesta ikiisha halafu anangoja. Wahadhiri wa vyuo vya serikali waligoma siku 49 mwaka 2025 na nchi nzima ikajua, huyu wetu akigoma peke yake semesta ijayo haitwi, basi.

Mimi nilikosa maksi za yuniti mbili, zote za huyo mwalimu wa kodi, miezi saba. Idara wananiambia mtafute mwalimu. Nikampigia nikiwa nimewaka kabisa, akasema polepole, "Kijana wangu, nilisahihisha kitambo. Lakini kleimu mbili hawajalipa, na hizo karatasi ndo kitu pekee niko nacho." Nikakosa hata la kujibu.

Ukijiunga, chukua namba ya mwalimu wiki ya kwanza, piga picha kila CAT ikirudi, na usitoke mtihani bila kusaini ile orodha, ndo ushahidi wako ulikaa hiyo pepa.

Machi wakamlipa kleimu moja, akapeleka yuniti moja, nikapata B. Ile ingine bado iko kwa buti.