Kutoka FL Studio kwenda REAPER: hamisha sauti, si mradi

FL Studio na REAPER ni programu za kutengeneza na kurekodi muziki kwenye kompyuta. REAPER haifungui faili la .flp, yaani mradi wa FL. Lijulikane hilo kabla ya kupakua chochote, maana jambo hilo ndilo linaloamua kazi yote inayofuata. Pateni (vipande vya mdundo), Channel Rack (orodha ya ala), otomesheni (mabadiliko yanayojiendesha, kama sauti kupanda na kushuka) na plagini (ala na efekti) za Image-Line, kampuni ya FL, hubaki kule kule. Kinachovuka ni sauti yenyewe ikiwa WAV, na noti zikiwa MIDI, yaani maelekezo ya noti bila sauti. Prodyuza anayehama bila kujua hivyo ataishia kuichukia programu nzuri.

Na ni nzuri kweli. Ilitoka mwaka 2005, kazi ya Justin Frankel, yule yule aliyetengeneza Winamp, chini ya kampuni yake ya Cockos. Faili la kuisakinisha kwenye Windows halifiki megabaiti 50, hata bando dogo linatosha, na unaweza kuiweka kwenye flashi ukatembea na mipangilio yako studio hadi studio. Unapewa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, bila kitu kilichofungwa. Baada ya hapo leseni ni dola 60 kwa matumizi binafsi, au kwa biashara isiyoingiza zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka. Ukivuka hapo ni dola 225. Katika hili FL inaishinda: ukiinunua mara moja, matoleo mapya yote unayapata bure. Leseni ya REAPER inabeba matoleo makuu mawili tu.

Sababu ya kuhama iwe kurekodi na kumiksi. Mtu wa biti peke yake asihame. Lakini studio inayopokea kwaya, bendi, au msanii anayeimba ubeti mmoja mara kumi na tano, hapo REAPER ni dunia nyingine. Traki (mstari wa kurekodia) ni traki tu: inabeba sauti, MIDI, au inakuwa folda ya traki nyingine. Kwaya ya sauti nne unaipanga hivi: folda moja “Kwaya”, ndani yake folda za soprano, alto, tenor na besi, na ndani ya kila moja traki za maiki zake. Ukishusha fada (kitelezi cha sauti) ya folda, wote wanashuka. Ukiweka kompresa (efekti ya kubana sauti) kwenye folda, inawashika wote. Hakuna kukumbuka nani ameelekezwa namba ngapi ya miksa. Toleo la 7, la mwaka 2023, liliongeza safu za kudumu ndani ya traki: kila mara mwimbaji anaporudia, sauti mpya inakaa chini ya ile ya zamani, nawe unaburuta kipanya juu ya kipande kilichoimbwa vizuri na kinachaguliwa papo hapo. Kuunganisha vipande vya kiitikio kwenye Playlist ya FL (ukurasa wa kupanga wimbo) kunawezekana, ila ni kushona kwa mkono. Hapa umepewa cherehani.

Kompyuta dhaifu nayo inapumua. REAPER huchakata mapema traki ambazo hazirekodi kwa wakati huo, kwa hiyo plagini nzito kwenye biti hazigombani na maiki. Wakati wa kurekodi weka bafa ya kadi ya sauti (akiba ndogo inayochelewesha sauti) kwenye sampuli 128. Kwa 44,100 Hz hiyo ni takriban milisekunde 2.9 kwa kwenda tu. Kwenye 512 inafika 11.6, na mwimbaji ataanza kujisikia nyuma ya mdundo. Ukifika kumiksi, rudisha 512 au 1024.

Sasa kuhamisha. Kwanza hifadhi mradi wa FL kwa jina jipya, usifanye haya kwenye nakala ya asili. Pita kwenye miksa uhakikishe kila chaneli ina namba yake, maana kiki na snea zikiwa zimeachwa kwenye namba moja zitatoka kama faili moja na hutazitenganisha tena. Ipe kila namba jina. Kisha nenda File, Export, WAV, ukachague wimbo mzima badala ya pateni, 24-bit, “Split mixer tracks”, na kwenye mkia wa wimbo “Leave remainder”, vinginevyo mwangwi wa mwisho utakatwa kama kwa panga. Zima “Enable master effects”: mradi wa kawaida wa FL huja na limita (efekti ya kuzuia sauti isizidi kiwango) kwenye Master, njia kuu ya mwisho, nayo hutaki iingie kwenye malighafi. Halafu toa tena wimbo wote kwa faili moja, kwa mipangilio ile ile isipokuwa mgawanyo. Hilo moja ni la ukaguzi, utaliona faida yake.

Ndani ya REAPER, andika tempo kabla ya kuingiza faili hata moja. Hapa ndipo wengi wanapoumia. REAPER huanza na 120, na kwa mpangilio wake wa kawaida sauti hufuata tempo. Ukiingiza stemu (hizo faili za vipande ulizotoa) za singeli inayokimbia zaidi ya 200 kisha ndipo ukabadilisha tempo, kila faili litabanwa na sauti itaharibika. Ikishatokea, rudisha nyuma kwa Ctrl+Z, weka tempo, ingiza upya. Faili zote ziburutwe kwa pamoja hadi mwanzo kabisa wa mradi. Ikiuliza, chagua kila faili traki yake. Pani usiziguse, ziache katikati: stemu ni stirio na pani ya FL imeshachomwa ndani.

Kosa la pili ni la hesabu. Kama kwenye FL kiki, snea na hai-hati zilipitia basi la ngoma (chaneli ya pamoja ya ngoma zote), mgawanyo ule hukupa kila ngoma peke yake na pia basi lenye ngoma zote. Ukizicheza pamoja, ngoma zinasikika mara mbili, na sauti mbili zinazofanana hupanda desibeli 6. Prodyuza anadhani REAPER ina sauti kubwa kuliko FL, haina. Zima basi au zima vipande vyake. Faili la Master likija nalo, lizime pia. Sasa leta lile faili la wimbo wote, bonyeza alama ya Ø kwenye traki yake ili kugeuza fezi (mawimbi yake juu chini, yafutane na yanayofanana nayo), ucheze vyote. Kama uhamisho ni sahihi, unabaki ukimya au mnong'ono wa mwangwi wenye mtikisiko wa bahati nasibu. Kinachosikika wazi ndicho ulichosahau au ulichozidisha. Jaribio hili ni la dakika mbili na ndilo linalokuruhusu kumwambia mteja kwa uhakika kwamba biti yake haijabadilika.

MIDI ina njia yake: Tools, Macros, “Prepare for MIDI export”, kisha Export. Makro hiyo hubadilisha ala zako zote kuwa MIDI Out (chaneli za kutoa noti tu, bila sauti), ndiyo maana ya kufanya kazi kwenye nakala. Noti na nguvu ya kila noti vitavuka, otomesheni haitavuka. Kwenye REAPER otomesheni utaichora upya: V kwa sauti, P kwa pani.

Unachopoteza ni kikubwa, kisifichwe. REAPER karibu haina ala. ReaSynth ni ya kujaribia nyaya, na ReaSamplOmatic5000, ala ya kuchezea sampuli, kwa kawaida huwekwa nakala moja kwa kila ngoma, hivyo seti ya ngoma kumi na mbili ni nakala kumi na mbili. Kihariri chake cha MIDI hakiifikii Piano Roll ya FL (ubao wa kuandikia noti) kwa wepesi. Angalau tabia ya kipanya unaweza kuibadilisha kwenye Preferences, sehemu ya Mouse Modifiers. ReaTune hunyoosha sauti, lakini aliyezoea Newtone, kinyoosha sauti cha FL, ataona mikono yake imefungwa. Kwa upande wa kumiksi, efekti zake ReaEQ, ReaComp na ReaXcomp hazina sura, ila zinafanya kazi kwa usafi. ReaPack na SWS, viongezo vya REAPER, ziongezwe siku ya kwanza.

Kwa hiyo FL isifutwe. Inaweza hata kufunguliwa ndani ya REAPER kama ala, ikafuata tempo na kitufe cha kucheza, kwa ile biti ambayo bado inabadilika. Ikishakubaliwa, itoe kuwa stemu uipunguzie kompyuta mzigo.

Mwisho, kuhifadhi. Mradi usiohifadhiwa hutupa rekodi zako kwenye “REAPER Media” ndani ya Documents, zikichanganyika na za wateja wengine. Kabla ya maiki kuwashwa, hifadhi mradi, ukitia alama kwenye kuunda folda ya mradi na kunakili faili zote ndani yake. Ndiyo folda mteja atakayoondoka nayo kwenye flashi. Kwenye Preferences, Project, Backups, washa nakala ya akiba yenye muhuri wa saa kila dakika 5, maana umeme hauagi.