TAHADHARI: wauza kuku wa mtandaoni, mwogopeni mteja asiyeomba kupunguziwa

Ndugu wafugaji, hasa sisi wa kuku ishirini thelathini nyuma ya nyumba, tunaopiga picha kwa simu na kuweka tangazo mtandaoni, someni hii kabla Idi haijafika. Mimi nimeshalizwa na tapeli aliyejifanya mteja. Nisingeandika, maana aibu ninayo, lakini wiki hii watu wawili wa huku Chanika, Dar es Salaam, wamepigiwa na sauti ileile kwa maneno yaleyale, na mmoja alikuwa ameshafunga kuku miguu.

Tangazo langu lilikuwa la kawaida. Majogoo wa kienyeji 28,000, matetea 20,000, wamechanjwa, wapo Chanika, maongezi yapo. Hilo "maongezi yapo" ndilo linaloleta kila aina ya binadamu. Yupo anayetuma "bei ya mwisho?" saa sita usiku, ukimjibu asubuhi haonekani tena. Yupo dada aliyetaka picha ya jogoo kwa ubavuni, kisha kwa mbele, kisha karibu na kitu chochote ili aone ukubwa wake. Nikampiga picha jogoo pembeni ya ndoo, akauliza ndoo ni ya lita ngapi. Yupo mtu mnakubaliana 28,000 kwenye simu, akifika getini anatoa 22,000 mkononi na kusema nauli imemmaliza. Na yupo mzee mmoja wa Pugu aliyekuja mara tatu. Kila akija ananyanyua jogoo, anapapasa kifua, anafunua mdomo, anapuliza manyoya ya mkiani kuangalia kama anaharisha, halafu anasema atarudi. Mara ya nne alichukua wawili kwa 50,000, akaomba na pumba kidogo za njiani.

Hao wote nilikuwa nawaita wasumbufu, na kwa mume wangu nilikuwa nawaigiza sauti. Nawaomba radhi.

Huyu wa kwangu alipiga Ijumaa jioni. Shikamoo mama. Marahaba. Sauti ya kiume, ya upole, haina haraka. Akasema ana shughuli ya kufuturisha watu, anahitaji majogoo 12 na matetea 10, bei ameiona kwenye tangazo na ameridhika. Kesho saa kumi atatuma bodaboda.

Tazameni alichokiacha. Hakuuliza kuku wana umri gani. Hakutaka picha. Hakuuliza kama ni kienyeji hasa au chotara, na kila anayenunua kuku mjini siku hizi swali hilo ndilo la kwanza, kwa sababu wengi wameuziwa chotara kwa bei ya kienyeji. Mtu ananunua kuku 22 kwa 536,000 na haombi hata kifaranga cha kuongezea! Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Mimi nikaona Mungu kanikumbuka mwezi mtukufu. Katika wale 12 nikamwekea hata jogoo wangu wa aina ya kuchi, wale warefu, kwa bei ya wenzake, kwa sababu mteja mwenyewe mstaarabu.

Jumamosi boda alifika kabla ya hela, na ujanja wote uko hapo. Kijana wa watu kaja na matenga mawili, kazima pikipiki, anataka kuondoka kabla foleni haijaanza. Tumeshakamata kuku, tumewafunga miguu, wako chini ya mwembe lakini jua la saa kumi linapenya. Kuku aliyefungwa hasubiri. Akikaa nusu saa anaanza kuhema mdomo wazi, mbawa zinashuka. Unaangalia kuku, unaangalia boda, unaangalia simu. Ukiuza kabati unaweza kumwambia mtu nenda urudi kesho. Ukiuza kitu kinachopumua, mwenye haraka unakuwa wewe, na tapeli analijua hilo.

Nikampigia. Akasema mama natuma sasa hivi, ila mtandao unasumbua. Dakika tano, meseji ikaingia: umepokea shilingi 636,000. Kabla sijaimaliza kuisoma, akapiga. Mama samahani, nimekosea nimezidisha laki moja. Basi usihangaike, elfu thelathini mpe bodaboda nauli yake, elfu sabini nirudishie kwa namba hii nyingine, ile ya kwangu imefika kikomo cha siku.

Nikatuma 70,000. Jina lililotokea kwenye simu kabla sijabonyeza kukubali lilikuwa la mwanamke. Nikamuuliza, akacheka: ni ya waifu. Nikampa kijana 30,000 mkononi. Matenga yakafungwa kwa mipira, yakaondoka.

Wakati wa futari ndipo nilipotaka kununua luku ya umeme, simu ikaniambia salio halitoshi.

Sasa nawaeleza nilichokiona baadaye, nikiwa nimekaa na simu mkononi na uji umepoa. Kwanza, meseji ile haikutoka kwenye jina la huduma ya fedha ya mtandao wangu. Ilitoka kwenye namba ya mtu, namba ya kawaida kabisa ya tarakimu kumi. Mwandiko wake ulifanana, kumbukumbu ya muamala ilikuwepo, tarehe ilikuwepo. Pili, na hili lishikeni, iliandika salio langu jipya kuwa 641,200. Kwenye simu nilikuwa na 91,400 zangu za chakula cha kuku. Ukijumlisha na 636,000 unapata 727,400. Tapeli anaweza kuiga kila kitu, lakini hajui ulikuwa na shilingi ngapi, kwa hiyo anabahatisha. Hesabu ya darasa la tatu ingeniokoa.

La tatu ndilo linaloniuma. Nilipotuma ile 70,000, meseji ya kweli ilikuja, kwa jina la huduma lenyewe, na ikasema nimebakiwa na elfu kumi na tisa na kitu. Ilikuwepo pale, juu ya ile ya uongo. Sikuisoma. Nilikuwa nahesabu matenga.

Kuku 536,000, boda 30,000, na ile 70,000: jumla 636,000. Kiasi kilekile alichoniandikia kwamba kimeingia ndicho kilichotoka. Sijui kama alipiga hesabu makusudi au ilitokea tu, lakini nimeitazama namba hiyo mara nyingi.

Yule boda hana kosa, na nawasihi msimpige mtu. Alirudi mwenyewe Jumapili asubuhi baada ya mimi kupiga namba aliyoniachia. Na yeye aliitwa kwa simu tu, hamjui mtu yule. Aliambiwa apeleke Mbagala, alipofika Buguruni akapigiwa kwamba kuna kijana anamsubiri pale kituoni na bajaji, ampe mzigo. Akampa. Basi. Kama wewe ndiwe boda unayesoma, mzigo ukibadilishiwa njia katikati, mpigie aliyekukabidhi. Dakika moja tu.

Nimekwenda polisi, RB, yaani namba ya taarifa yangu, ninayo. Nimepiga huduma kwa wateja, ile 70,000 ilikuwa imetolewa kwa wakala ndani ya robo saa. Namba zote mbili nimezituma 15040, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli, na nanyi mkipigiwa zitumeni huko hata kama hamkulizwa, maana wengi wetu tukinusurika tunacheka tu na kufuta. Na piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole tangu 2019, ndiyo, lakini laini ya tapeli mara nyingi ina vidole vya mtu mwingine aliyeweka kidole mara mbili kwa wakala bila kuuliza kwa nini.

Sasa nauza hivi. Mteja nisiyemjua, kuku hakamatwi mpaka hela ionekane. Sisemi meseji ionekane. Nafungua menyu mwenyewe, naweka namba ya siri, naangalia salio. Mtandao ukisumbua, kuku wanaendelea kula na boda anaendelea kusubiri kwa gharama ya aliyemtuma. Akisema amezidisha, namwambia apige huduma kwa wateja warudishe wenyewe. Mimi sirudishi hela kwa namba nyingine hata ya mama yake mzazi. Na nauli ya boda hailipwi na mimi.

Kuna wengine hela wanatuma kweli, mjue. Jirani yangu wa mayai aliuza trei 15, hela ikaingia, salio aliliona. Saa mbili baadaye mtandao ukampigia: kuna mtu analalamika alikosea namba. Hela ikazuiwa. Kilichomwokoa ni kwamba walikuwa wameandikiana: idadi ya trei, bei, mahali pa kushusha, "nimeshatuma dada". Akaonyesha. Kwa hiyo hata mkiongea kwa simu, malizeni kwa maandishi. Mwandikie tu, "Nathibitisha kuku 22, jumla 536,000." Mteja wa kweli atajibu sawa.

Na wa "tenda". Huyu anajifanya afisa manunuzi wa hoteli au wa kambi fulani, anataka kuku 300 kila mwezi, wewe una 40. Usianze kupiga hesabu za kukopa vifaranga. Baada ya siku mbili ataomba elfu hamsini ya fomu, au ya cheti cha afya ya kuku ambacho eti wao ndio wanakitoa. Mambo ya vibali vya mifugo yana afisa mifugo wa kata yako, na ofisi yake ina mlango. Mnunuzi hakutozi wewe hela ili anunue kwako.

Wa kuuliza maswali nao. Una kuku wangapi kwa jumla? Banda liko nyuma au mbele? Mbwa yupo? Baba nyumbani yupo? Huyo hanunui, anapima. Nyumba ya tatu kutoka kwangu banda lilivunjwa siku mbili baada ya "mteja" wa namna hiyo kuja na kuondoka na tetea mmoja. Tangazo langu sasa halionyeshi banda. Napiga picha kuku akiwa getini, ukuta wa jirani nyuma yake.

Nikirudi kwa wasumbufu halali, ambao wapo na watakuwepo, mmoja sijawahi kumshinda kwa maneno: anayerudisha kuku. Anapiga baada ya siku sita, mama kuku wako wamekufa watatu, nirudishie hela, na huyu wa nne namleta. Inawezekana anasema kweli. Kideri hakionekani siku ya kwanza; kuku anaweza kubeba ugonjwa siku kadhaa ndipo azubae na kuanza kupinda shingo. Lakini inawezekana pia amewachanganya na wa kwake ambao hawajawahi kuona chanjo. Utajuaje? Mimi nina daftari. Chanjo ya tone jichoni, kila miezi mitatu, tarehe ziko pale, naonyesha kabla hela haijatoka mfukoni mwake, na namwambia mapema kwamba kuku akishavuka geti harudi. Wakati mwingine nimerudisha nusu ya hela kwa mtu muungwana. Kuku sijampokea hata mmoja. Ukimpokea yule wa nne ukamwingiza bandani kwa huruma, wiki ijayo utakuwa unazika arobaini.

Na kwa sababu hiyohiyo mteja haingii bandani, hata awe shehe. Ametoka mabanda matatu kabla ya kwako, mavi ya kuku wa huko kote yako kwenye soli za viatu vyake. Tenga lake nalo libaki nje. Kuku aletwe getini, apapaswe hapohapo, apulizwe manyoya hapohapo. Mzee wa Pugu alinuna kidogo, halafu akasema afadhali, pale ndani kuna harufu.

Huyo mzee nilimpigia juzi nikamwambia yaliyonipata. Akauliza nilimuuzia yule mtu jogoo kwa bei gani. Nikamwambia 28,000. Akanyamaza, akasema, "Na wewe mimi ulinikazia kwenye 25,000."

Namba za tapeli siweki hapa, atakuwa ameshazitupa. Lugha yake ndiyo haibadiliki: shughuli ya kufuturisha, bei nimeridhika, mtandao unasumbua, nimezidisha, ya waifu. Ukisikia mawili kati ya hayo kwa siku moja, fungua miguu ya kuku.

Na jambo moja la mwisho kwa mlionunua majogoo mjini tangu Jumamosi jioni. Yule kuchi wangu ni mwekundu, shingo ndefu, kifua karibu kiko wazi bila manyoya, na kidole cha kati cha mguu wa kushoto hakina ukucha. Alibanwa na mlango wa banda akiwa mdogo. Aliye naye abaki naye, simdai. Nataka kujua tu aliuziwa na nani, na ilikuwa saa ngapi.