Supra ya 2JZ: Kukarabati Turbo Mbili au Kufunga Moja Kubwa?

Toyota Supra JZA80 yenye injini ya 2JZ-GTE ilitoka kiwandani na turbo mbili zinazopokezana, yaani vifaa vinavyotumia moshi wa ekzosi kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Ya kwanza hufanya kazi peke yake mizunguko ya injini ikiwa chini, ya pili huingia karibu na 4,000 kwa dakika. Ndiyo maana gari huitika mara tu ukigusa mafuta.

Turbo zikichoka, kukarabati maana yake ni beringi na sili mpya, kisha shafti kubalansiwa upya. Usimwachie fundi asiye na mashine ya kubalansi, maana shafti inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Angalia pia umeshika toleo gani. Zilizouzwa Japani zina magurudumu ya turbini (yale yanayozungushwa na moshi) ya kauri, mepesi lakini yanayovunjika presha ya hewa ikipandishwa sana. Zilizouzwa Marekani na Ulaya zina ya chuma. Kwa hiyo turbo ya Japani iliyokarabatiwa itunze kwa presha ya kiwandani.

Turbo moja kubwa huondoa mabomba na vali nyingi za ule mfumo wa kupokezana, na kutafuta hitilafu kunakuwa rahisi. Nguvu ni nyingi, ila hukawia kuja. Bili nayo haiishii kwenye turbo: manifoldi, bomba la ekzosi, injekta, pampu ya petroli, klachi, kompyuta ya injini.

Kwa gari la barabarani, mimi nakarabati. Moja kubwa naiona inafaa uwanja wa mbio, au pale turbini ya kauri imeshavunjika.