TAHADHARI: Amplifaya za gitaa "za valvu" zinazouzwa mtandaoni Dar, valvu ni pambo tu

Wakuu, naomba msome hadi mwisho kabla hamjamtumia mtu hela.

Nilikuwa natafuta amplifaya ndogo ya valvu (zile chupa za kioo za zamani zinazokuza sauti) ya kufanyia mazoezi ya gitaa la umeme chumbani. Nimepanga, na jirani yangu ana mtoto mchanga, kwa hiyo wati moja hadi tano zilinitosha kabisa. Nikaona tangazo la muuzaji mmoja wa hapa Dar: video fupi imepigwa gizani, valvu mbili zinawaka rangi ya chungwa, chini ameandika "valvu tupu, wati 100, mpya". Bei 480,000. Akataka 150,000 ya kushikilia mzigo pamoja na ya kutolea, inayobaki nimkabidhi bodaboda. Nikalipa yote.

Mzigo ulipofika niliunyanyua kwa mkono mmoja bila shida. Hapo hapo nilipaswa kushtuka. Amplifaya ya valvu ina transfoma ya kupokea umeme na nyingine ya kupeleka sauti kwenye spika, zote za chuma na shaba, kwa hiyo huwa nzito kuliko umbo lake. Nikachomeka, nikawasha, sauti ikatoka papo hapo! Valvu haifanyi hivyo. Ndani ya kile kioo kuna sehemu inayopashwa moto kwanza, na ikiwa imepoa utasubiri sekunde 15, 20 au zaidi ndipo usikie gitaa. Baada ya nusu saa nikasogeza kidole kwenye kioo. Baridi kabisa.

Nikaipeleka kwa fundi redio. Alipofungua tu akanyamaza, akaniita nione mwenyewe: valvu zimebandikwa kwa gundi, chini ya kila moja kuna taa ya LED, na miguu yake haijaungwa na waya wowote. Kazi yote inafanywa na IC (chipu) moja, TDA2030, ambayo hata wati 20 haifikishi. Nililia na hela yangu.

Kuweka LED peke yake si wizi, maana wapo watengenezaji halali wanaoiweka kwa urembo. Angalieni joto na ule muda wa kusubiri. Na hizo "wati 100" zingenifungua macho kama ningetulia: Fender Champ, amplifaya ndogo maarufu ya Marekani, hutoa kama wati 5 kwa valvu moja ya 6V6. Valvu mbili ndogo kama zile haziwezi kutoa wati 100 hata kidogo. Tena msidharau wati 5 za valvu, ukifungulia zote nyumba nzima itakusikia.

Rafiki yangu naye alinunua kwa mtu huyo huyo. Yake ilikuwa ya valvu kweli, lakini imeandikwa 120V nyuma, ya soko la Marekani. Akaambiwa "chomeka tu, haina neno". Umeme wetu ni 230V. Moshi ulitoka kabla hajapiga noti ya kwanza, na transfoma imeungua. Kabla ya kulipa, dai picha ya mgongo wa amplifaya, maandishi ya volti yasomeke.

Ukishanunua ukaingiwa na shaka, nakuomba sana usifungue mwenyewe. Zile za kweli zina kapasita zinazohifadhi volti 300 na zaidi hata ukichomoa waya ukutani. Mpelekee fundi anayezijua.

Muuzaji ameniblok na namba haipatikani tena. Nimeripoti polisi na nimepewa RB. Ukurasa umebadilishwa jina wiki hii, ila video ni ile ile: pazia la maua ya bluu nyuma, na valvu ya kushoto imepinda kidogo. Aliyekwisha tuma ya kushikilia mzigo atunze ujumbe wa muamala, asiufute, aende nao kituoni leo.