Swiss Travel Pass ya siku 8: nyota 4, hasa kama we ni mvivu kama sisi

Nianze na hela maana najua ndo mnachotaka. Hii pasi ya usafiri wa Uswisi, ya siku 8 daraja la pili, tulilipa faranga 419 kila mtu, yaani mi na mume wangu 838 na hapo hatujala hata mkate. Baba watoto alivyoona hiyo namba akaniuliza, mama, tunapanda treni au tunainunua?

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Tulishabuku vibanda vya kulala vya Tour du Mont Blanc, ile njia ya miguu inayozunguka mlima wote, kilomita kama 170, inapita Ufaransa, Italia na Uswisi, watu wengi wanatumia siku 10 au 11, na ukijumlisha miinuko unayopanda tu unafika kama mita 10,000. Tukasema tutangulie wiki moja kwenye mabonde ya Uswisi tuzoeshe miguu kabla. Miguu haikuzoea chochote, tulikaa dirishani tunakula jibini.

Ila hapo ndo nilipoielewa hii pasi. Unapanda treni, basi la njano la posta, meli ya ziwani, basi la mjini, hukati tiketi, hupangi foleni, hushiki ratiba. Ukiona kijiji kimekupendeza unashuka, ukikichoka unapanda inayofuata. Siku ya kwanza tu tulikuwa tunaenda Lauterbrunnen, tukafika Interlaken Ost, baba watoto akaiona meli ya Ziwa Brienz pale karibu na stesheni, maji yana rangi kama bahari ya Nungwi saa sita mchana (ni unga wa mawe unaoletwa na barafu, sio kina), basi tukapanda na mabegi yetu mpaka Brienz, saa nzima na ushee, tukanywa kahawa, tukarudi. Hatukulipa hata senti ya nauli. Ingekuwa kila kitu ni tiketi yake tungeanza kupiga hesabu na tusingepanda.

Lauterbrunnen tulipanga kulala usiku mmoja, tukalala minne. Bonde lenyewe limesimama kuta za mawe pande zote mbili, na maporomoko yanadondoka kutoka juu kabisa, la Staubbach lina karibu mita 300 na liko pale pale kijijini, unafungua dirisha unaliona, upepo ukivuma maji yanageuka moshi kabla hayajafika chini. Kutoka hapo pasi inakupandisha mpaka Mürren, unachukua kigari cha kebo mpaka Grütschalp halafu kitreni kidogo, kijiji hakina magari, mbele yako vimejipanga vilele vya Eiger, Mönch na Jungfrau. Tulienda siku tatu mfululizo, mchana tunakaa kwenye benchi na mkate wa dukani Coop maana migahawa ya huko, jamani, sahani ya rösti (viazi vya kukwangua vimekaangwa kama chapati nene) inataka moyo. Maporomoko ya Trümmelbach yaliyo ndani ya mwamba ni kiingilio chako mwenyewe, pasi haihusiki, lakini nendeni, kelele yake unaisikia kifuani.

Sasa Jungfraujoch. Ile stesheni iliyoko mita 3,454, reli ilifika huko tangu 1912. Wengi wanadhani ukiwa na pasi unapanda bure, hapana, inakufikisha Wengen au Grindelwald, kuanzia hapo unapewa punguzo la asilimia 25 tu na bado inabaki zaidi ya faranga 100 kwa kichwa. Wenye Half Fare Card, ambayo wakati ule ilikuwa faranga 120 kwa mwezi, wanapata nusu bei. Kwa hiyo kama we ni mtu wa kukaa sehemu moja na kupanda vilele viwili vitatu, achana na pasi, chukua hiyo. Sisi hatukupanda. Mume wangu alishafika kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, enzi za ujana, mita 5,895, akasema hawezi kulipa hela yote hiyo kwenda chini ya alipowahi kufika. Nikamkumbusha kule begi lilibebwa na wapagazi. Akanyamaza.

Treni zao mnazijua, zinafika kwa dakika. Siku moja kondakta kaja simu ya baba watoto imekata chaji na pasi imo humo humo, nikajua faini hii hapa, jamaa akasema chomeka, nikirudi utanionyesha. Akarudi kweli, akataka na paspoti, kwa hiyo paspoti usiiache hotelini.

Kutoka Spiez kwenda Brig msipande treni ya haraka inayopita handaki refu la chini, mtaona giza tu. Pandeni ile ya njia ya zamani ya Kandersteg, polepole, ukitoka upande wa pili bonde lote la Rhône liko chini ya miguu yako na treni inashuka pembeni ya mlima mpaka Brig. Pale Sion tukachukua basi la njano kwenda Evolène, barabara kona juu ya kona, kwenye kona mbaya dereva anapiga honi ya sauti tatu kama anaimba. Huko kuna ng'ombe weusi wafupi wa Hérens, wanapiganishwa kutafuta nani malkia wa kundi, kama fahali wa Kakamega ila hawa ni majike na wakishapimana nguvu aliyeshindwa anageuka tu anaondoka. Nyumba ya wageni tuliyolala sitaitaja, lakini kuuziwa maji ya moto kwa kikombe wakati majani ya chai ni yangu, hapana bwana.

Nyota moja naikata kwa sababu ya hayo ya vilele, na kwa sababu treni za kitalii kama Glacier Express pasi inalipa nauli ila kiti unalipia tena. Wenye watoto chini ya miaka 16 ombeni Family Card, wanasafiri bure na mzazi, sisi wetu tuliwaacha kwa bibi yao.

Siku ya 8 tukapanda kitreni cha Martigny kinachopanda mlima kama kima, pasi ikaishia mpakani Châtelard, tukakata tiketi ya Ufaransa mpaka Chamonix. Kesho yake asubuhi tukaanza kutembea kutoka Les Houches. Mwinuko wa kwanza ni kama mita 650 tu, mpaka Col de Voza, saa mbili na nusu tunahema na mabegi, tunafika juu, kumbe pale panapita reli, na kitreni chekundu kinakuja taratibu kimejaa wazee wanatupungia mikono. Baba watoto akatua begi, akatoa simu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, ile pasi imeisha kabisa kabisa?"