Miaka sita na chama cha bima cha wenye meli: taarifa ya mwaka na madai yangu

Ninamiliki meli moja ndogo ya mizigo inayosafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Mtwara na Moroni, na kwa miaka sita nimeikatia bima ya dhima (ya madhara ambayo meli huwasababishia wengine) katika chama cha wenye meli kilichoko Uingereza, ambacho sitakitaja jina. Chama cha namna hii hakina wanahisa wa pembeni; wenye meli waliokatiwa bima ndio wenye chama, na hasara ikizidi wao ndio wanaoandikiwa mchango wa ziada.

Ndiyo maana, baada ya kuhuisha bima tarehe 20 Februari (tarehe iliyorithiwa tangu enzi za kusubiri barafu ya Bahari ya Baltiki, kaskazini mwa Ulaya, iyeyuke), huisoma taarifa yao ya mwaka kwa makini. Jambo la kwanza ninalotazama ni uwiano wa madai na gharama kwa ada zilizokusanywa, kwa kuwa ukivuka asilimia 100 chama kimetumia zaidi ya kilichopokea. Safari hii ulivuka, lakini kurasa za mbele zilisifu akiba iliyokua, na ilinibidi nifike kwenye majedwali ya nyuma ndipo nione kwamba faida ya vitegauchumi ndiyo iliyoziba pengo. Sikupendezwa.

Maelezo ya madai makubwa, kwa upande mwingine, yako wazi. Chama hubeba chenyewe dola milioni 10 za kwanza za kila dai, na zinazozidi hugawanywa miongoni mwa vyama 12 vya Kundi la Kimataifa, umoja wa vyama vya namna hii duniani. Kwa hiyo meli nisiyoijua ikimwaga mafuta bahari ya mbali, nami nimo katika kuchangia. Silalamiki, maana yangu ikizama mlangoni mwa bandari, kuyaondoa mabaki yake kutagharimu zaidi ya thamani ya meli yenyewe.

Dai langu lilikuwa dogo: wazamiaji wawili walijificha ngamani, wakagunduliwa tukikaribia Moroni. Wakala wa chama hapa Dar es Salaam alipokea simu usiku wa manane na kushughulikia walinzi, hati na tiketi za kuwarudisha. Fedha zangu, baada ya kukatwa sehemu ninayobeba mwenyewe, zilifika baada ya miezi saba, huku nikidaiwa hata risiti za wali waliokula. Muda wa kulipa madai madogo haumo kabisa katika taarifa. Nimewaandikia wauweke mwakani, na dalali wangu wa bima ameanza kuuliza bei kwingine.