Walinikatia hadithi mtoto anapofungua mdomo

Nina hasira bado, mnivumilie.

Mimi ni fundi cherehani. Kutwa mikono na macho viko kwenye kitambaa, masikio ndiyo yana nafasi, ndiyo maana nikajiunga na huduma moja ya kulipia kila mwezi, ya hadithi za kusikiliza. Jina lake siliandiki. Kilichonivuta ni fungu lao la hadithi fupi za kubuni za kisayansi zilizotungwa na wanawake. Hadithi ya dakika arobaini naianza na pindo la gauni, tunamaliza pamoja.

Mwanzoni nilifurahi jamani, sikufichi. Ursula Le Guin na ule mji ambao raha ya wote inasimama juu ya mateso ya mtoto mmoja aliyefungiwa chini gizani: niliachia cherehani, mteja akaniuliza kama umeme umekatika. Alice Sheldon naye, aliyeandika kwa jina la kiume, James Tiptree Jr., na miaka ya sabini wasomaji wengi wakaamini ni mwanamume kweli. Hadithi yake moja wamempa mwanamume aisome, nikanuna, kumbe msimulizi ndani ya hadithi ni mwanamume, tena asiyewaelewa wanawake walio mbele yake. Hapo walichagua vizuri, lazima niseme.

Ikaja "Speech Sounds" ya Octavia Butler. Ni ya mwaka 1983, na mwaka uliofuata ikashinda Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za aina hii. Tuko Los Angeles, ugonjwa umepita ukawanyang'anya watu usemi, wengine kusoma, wengine vyote viwili. Rye alikuwa mwalimu wa historia chuo kikuu. Ameachiwa sauti, lakini maandishi hayasomi tena. Anakutana na mwanamume anayeweza kusoma ramani na hawezi kutamka neno. Wivu unaompanda pale! Anatamani kumuua mtu aliyetoka kumtendea wema. Butler mwenyewe alikuwa na disleksia, kusoma kulimpa shida tangu utoto, na mimi nasikia kabisa kwamba wivu ule haukutungwa na mtu asiyeujua.

Na yule dada anayesoma, Mungu ambariki. Haigizi kilio, haongezi chumvi. Anashusha sauti tu, anaacha pumzi ipite, nawe unawaona watu wanaogombana ndani ya basi kwa mikono na miguno. Hadithi ya watu wasio na usemi, na koo moja inawabeba wote. Kwenye karatasi nisingeipata hivyo.

Sasa mwisho. Rye ana maiti mbele yake na watoto wawili wadogo. Binti anafungua mdomo.

Kimya. Kisha muziki, na hadithi nyingine inaanza.

Nikadhani bando limeisha. Nikaongeza. Nikapakua upya, nikafuta programu nzima nikaiweka tena, nikaazima simu ya jirani. Inakatika palepale. Nikawaandikia huduma kwa wateja kwa adabu zote, nikawatajia mpaka dakika yenyewe. Siku zikapita, likaja jibu: faili lao halina tatizo, na hadithi za aina hii mara nyingi huachwa zinaning'inia makusudi, pengine mwisho wake sikuuelewa.

Sikuuelewa! Mtu ambaye hata hakujisumbua kusikiliza dakika mbili za mwisho ananifundisha hadithi inavyoisha. Kukosea kwa mtambo nasamehe, hata cherehani hukata uzi. Lakini kuambiwa tatizo ni akili yangu, na pesa yangu wameshachukua? Nyota moja. Hiyo moja yenyewe ni ya yule dada msomaji.

Nilimsimulia mdogo wangu kwa simu, yuko chuo. Akaitafuta hadithi maktabani, usiku akanitumia jumbe tatu za sauti, amenisomea kurasa za mwisho. Anakwama kwenye maneno, anarudia, nyuma yake wenzake wanaosha vyombo. Na yule binti akasema. Maneno machache ya kufukuza, na yule mvulana naye akamkataza asiongee, kwa maneno! Wanazungumza, wote wawili. Nikaweka kitambaa chini nikalia.

Yaani hilo ndilo walilonikatia. Mzigo wote wa hadithi uko pale, na wao wananiambia imeachwa inaning'inia.

Mnaniuliza mjiunge? Juzi ningesema msithubutu. Leo sijui. Nimeifuta nyota moja nikaweka tatu, kisha nikakumbuka lile jibu nikarudisha mbili. Mwezi huu nimelipa tena, kwa sababu bado kuna hadithi nne za Butler kwenye fungu lile na msomaji ni yuleyule. Ila kabla ya kuanza sasa naruka kwanza hadi dakika ya mwisho, nasikiliza kama ipo, ndipo nachomeka uzi kwenye sindano.